Grafu ya maji ya Tana iliyomtia mashakani Mzee Dahir, Garissa wakati wa shifta

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Mimi nimepita miaka themanini na nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Haya nayaandika kama yalivyotokea. Pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Kuna kijana aliandika humu juzi kwamba function na grafu zimemshinda, na kwamba hazina kazi yoyote nje ya mtihani. Nilisoma nikacheka, lakini si sana. Nilikumbuka Garissa ya ujana wangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, vita vya shifta, wale wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vimepamba moto. Mimi ni Mkamba wa Machakos, kijana wa miaka ishirini na mbili, karani mdogo katika ofisi ya maji. Nilifika na msafara wa malori yenye ulinzi wa askari, mdomo umejaa vumbi, nikijiuliza nimemkosea nani hadi nikaletwa huku.

Joto la Garissa la siku hizo siwezi kuwaeleza. Wino ulikuwa unakauka kwenye kalamu kabla hujamaliza sentensi.

Lakini niliipenda. Niliipenda ile mikoma ukingoni mwa mto, na wale ndege wakubwa, kongoti, wanaotembea sokoni kama wazee wenye makoti. Nilipenda chai ya maziwa ya ngamia, ambayo mwanzoni ilinishinda.

Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye daftari kimo cha maji ya Tana kila siku. Aliyekwenda mtoni kusoma ubao wa futi uliosimikwa majini alikuwa Mzee Dahir, Msomali wa hapo hapo mjini, mtu wa makamo, mrefu, ndevu amezipaka hina. Ujanani alibeba minyororo ya kupimia barabara chini ya fundi mmoja Mhindi, na yule Mhindi alimfundisha hesabu kila walipopiga kambi. Shule hakuwahi kukaa zaidi ya miaka mitatu.

Mimi nilimwita adeer, ndivyo vijana wa kule wanavyomwita mtu wa rika la baba zao. Yeye aliniita walaal, yaani ndugu.

Sasa wakuu, mimi nilikuwa nasoma kwa posta. Nilitaka kupita hesabu niende kusomea upimaji. Algebra niliiweza. Function na grafu zikanikaba. Kitabu kilisema kitu ambacho mpaka leo nakumbuka hakikuniingia, mambo ya seti hii na seti ile. Nilichora nukta, nikaziunga, sikujua nimechora nini.

Siku moja Mzee Dahir alinikuta nimeshika kichwa. Akaichukua ile karatasi, akaitazama, akaniambia nilete daftari la maji.

"Sikia, walaal," akasema. "Wewe taja siku, mto inajibu. Siku moja, jibu moja. Habana mbili. Hiyo ndiyo function. Fitu ingine ni mabambo."

Kiswahili chake kilikuwa hivyo, p ikawa b na v ikawa f. Lakini kichwa chake kilikuwa safi kuliko cha walimu wote niliowahi kupata.

Akanifanya nichore siku chini, futi kando, nukta moja kwa kila siku. Ilikuwa msimu wa mvua za huko juu. Mnajua Tana ina maajabu: Garissa mbingu kavu kabisa, na mto unapanda kwa sababu imenyesha mlima Kenya. Nikaona mstari unapanda polepole, halafu kwa kasi, halafu unatulia, halafu unashuka.

Kisha akaniuliza, akinipa futi saba, naweza kumpa siku? Nikatazama. Futi saba ilikuwa siku ya tano maji yakipanda, na tena siku ya kumi na nne yakishuka. Nikakwama.

Akacheka. Akasema mto haulazimiki kujibu swali lililoulizwa kinyume.

Tukaendelea hivyo wiki nyingi, mchana baada ya kazi, barazani kwake. Mkewe, Mama Halima, alituletea anjera, ile mikate yao laini ya maji, na chai. Nilichora nyumbani, nikampelekea asahihishe. Kila mara alinikemea jambo lile lile: andika majina ya mistari miwili, wa chini na wa kando, huu ni wa nini, na huu ni wa nini. Nami kila mara nilisahau, kwa sababu niliona kama ni urembo tu.

Wakuu, hapo ndipo kosa langu lilipo.

Kulikuwa na msako. Ilikuwa asubuhi, kama saa nne. Askari walipita nyumba hadi nyumba mtaa wa akina Dahir, na kwake wakakuta karatasi ya miraba yenye mstari unaopindapinda, wenye nukta kumi na saba. Hakuna jina la mtu, hakuna neno hata moja. Na inajulikana kwamba mwenye nyumba hushinda mtoni.

Wakaona ni ramani ya Tana. Zile nukta wakaona ni mahali pa kuvukia.

Alichukuliwa, akapelekwa kambi ya askari. Mama Halima alikuja ofisini kwetu, akasimama mlangoni, hakulia. Alinieleza karatasi ilivyokuwa, kisha akaniuliza kitu kimoja tu: ile karatasi ni ya nani?

Nikamwambia ni yangu. Akaitikia kwa kichwa, akakaa chini kungoja.

Karani mwenzangu, niliyeishi naye chumba kimoja, akanivuta pembeni. Alinisihi ninyamaze, karatasi haina jina langu, na siku hizo mtu akiingia kule kueleza habari za Msomali, na yeye anaulizwa yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Nami niliogopa. Nitakuwa mwongo nikisema niliondoka mbio kama shujaa. Nilikaa kwenye kiti changu muda wa kama nusu saa, Mama Halima akiwa pale mlangoni, hanitazami. Halafu nikachukua daftari la maji, nikaenda kambini.

Afande aliyenipokea alikuwa kijana, labda alinizidi miaka mitano. Mzee Dahir alikuwa ameketi chini ukutani, kofia yake haipo, mdomo umevimba upande mmoja.

Nikasema karatasi ni yangu, ni hesabu, ni kimo cha maji kwa siku. Nikafungua daftari. Afande akalinganisha nukta mbili tatu, zikakubali. Lakini akasema namba zinaweza kutungwa zifuate ramani. Akaniuliza, "Kama huu si mto, kwa nini unapinda kama mto?"

Nikamtazama Mzee Dahir. Naye akanena mara moja tu, taratibu, "Siku moja, jibu moja."

Na hapo, baada ya miezi ya kuchora bila kuelewa, nikaelewa.

Ukutani palikuwa na ramani. Nikaomba rula. Nikaisimamisha wima juu ya Tana, chini kidogo ya Garissa, mahali mto unapojizungusha. Rula ikaukata mto mara tatu. Nikaisogeza, mara tano. Mto wa kweli huenda, hurudi, hujizungusha.

Kisha nikaisimamisha juu ya karatasi yangu. Mara moja. Nikaisogeza pole pole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara moja, mara moja, mara moja. Nikamwambia mstari huu hauwezi kurudi nyuma, kwa sababu haiwezekani siku moja maji yawe na vimo viwili saa ile ile ya kupima. Ungekuwa ramani, ungejirudia mahali fulani.

Afande akaichukua rula, akarudia mwenyewe, kwenye ramani, kisha kwenye karatasi. Hatimaye akasema aliwahi kufundishwa jambo hilo shuleni na hakulijali.

Akatuachilia wote wawili, alasiri. Karatasi akabaki nayo.

Tulitembea hadi kwake. Nikamwomba msamaha pale barazani. Nilisema kosa ni langu, nilishindwa kuandika maneno mawili tu. Akanijibu kwamba ni kweli, ni kosa langu. Hakunipunguzia. Kisha akasema nikae, chai inakuja.

Nataka niseme na hili, kwa sababu vijana wengi hawalijui. Wenyeji wa kule waliumia miaka ile. Walipigwa na shifta, na walishukiwa na serikali. Wengi waliopelekwa mahali kama pale hawakuwa na mtu wa kuja na daftari.

Baada ya siku ile Mzee Dahir hakutaka karatasi nyumbani mwake. Hata moja. Lakini hakuacha kunifundisha. Alinitajia function kwa mdomo, mimi nikaichora hewani kwa kidole. Y ni sawa na x mara x. Y ni sawa na moja gawanya kwa x. Mkono wangu ukikosea, aliushika akaurudisha. Mama Halima alikuwa akicheka, akisema tunafukuza nzi.

Mpaka leo, mtu akinitajia function, naiona kabla sijashika kalamu.

Mwaka haukuisha, akaacha kazi, akahamishia familia Habaswein, kaskazini zaidi, kwa ndugu zake. Waliondoka asubuhi. Aliniambia nisome, nami nikasema nitasoma. Hayo tu. Nilimwandikia barua mbili, sikupata majibu, na njia za siku hizo mnazijua.

Hesabu nilipita. Nilipokwenda kuomba nafasi ya upimaji, fomu iliuliza nimefundishwa hesabu wapi. Nikaandika: Dahir, Garissa.

Karani aliyepokea fomu akaniuliza hiyo ni shule ya aina gani, hajawahi kuisikia.

Nikamwambia ilikuwa na mwanafunzi mmoja.

Kwa hiyo kijana wangu uliyelalamika, nilichojifunza mimi ni hiki: andika majina ya mistari yako. Na mtu akiumia kwa sababu ya kazi ya mkono wako, usikae kwenye kiti nusu saa kama mimi.

Uwanja ni wenu wakuu. Na kama yupo humu aliyefundishwa na mtu ambaye hakuitwa mwalimu, amtaje jina tumsome.