Isale la Kompyuta

Bosi wetu alirudi kutoka semina Arusha akiwa na mkoba mpya na agizo moja: kila mfanyakazi wa ofisini aandike ukurasa mmoja, aeleze anafanya nini ambacho akili mnemba haiwezi kufanya. Mwisho Jumatatu. Atakayekosa la kuandika atakuwa amejijibu mwenyewe.

Mimi ni afisa manunuzi wa kampuni ya kupandisha watalii mlimani. Nina miaka kumi na minne nikihangaikia ndizi, mayai, mchele wa Mabogini na karatasi za chooni. Sentensi ya kwanza niliiandika bila kufikiri: Ninawafahamu wasambazaji wetu. Nikaipigia mstari chini yake.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Tangu mfumo wa kompyuta uletwe, kazi yangu yote ilikuwa imebaki kitufe kimoja. Mfumo unakokotoa, unachagua, unaandika barua, halafu unaniuliza kama nakubali. Siku za mwanzo nilikuwa nasoma kwanza. Baadaye nikawa nabonyeza huku namenya chungwa.

Ndivyo nilivyomfuta mama wa Kibosho. Mama huyu alituletea ndizi na mayai tangu nilipoajiriwa. Alikusanya kwa majirani, na mume wake akayashusha mayai hadi lami kwa baiskeli, akiisukuma zaidi ya kuiendesha kwa jinsi njia ilivyo. Sikuwahi kupokea yai lililopasuka. Kisha wiki moja mfumo ulimtumia ujumbe mara nne, hakujibu. Ukampa alama nyekundu, ukaandika, "Mpendwa Msambazaji, tunakushukuru kwa ushirikiano wako," ukaniuliza kama nakubali. Chungwa lilikuwa tamu.

Nafasi yake ilichukuliwa na kampuni ya mjini iliyojibu ujumbe kabla hujamaliza kuuandika. Kwa siku tatu zilipishana barua nzuri ajabu. "Tumepokea oda yako kwa furaha." "Tunathamini furaha yako." "Asante kwa kuithamini." Siku ya tatu nilikwenda kwenye ofisi yao nikakuta kufuli. Fundi cherehani wa jirani aliniambia hajaona mtu pale tangu wiki iliyopita, ila ndani kuna kitu kinawaka taa. Kumbe zilikuwa mashine mbili zinapeana heshima. Ndizi haikuwepo hata moja, na Jumatatu ile ile ya agizo la bosi wageni kumi na wawili walikuwa wanapanda mlima.

Nikampigia mama. Aliitikia shikamoo yangu kwa upole, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekosewa," akasema. "Aliyenikosea aniletee isale."

Isale kwetu Uchagani si jani la kuchezea. Ni lile jani refu la mmea tunaopanda mipakani. Ukimkosea mtu ukampelekea, hawezi kukunyima msamaha, na wewe huwezi tena kujifanya hukukosa. Nikamweleza kwamba aliyemkosea ni kompyuta.

"Haina miguu?"

"Haina, mama."

"Basi ibebe."

Mama yangu mzazi, Old Moshi, alikata isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la nyumbani, bila maswali mengi. Aliuliza tu kama kompyuta ni Mlutheri, maana Kibosho ni kwa Wakatoliki, na wakianza sala isije ikaaibika.

Jumamosi mchana pikapu ya ofisi ikanifikisha kwa mama wa Kibosho. Nilikuta uani mabenchi yamejaa watu, sufuria kubwa zimeinamishwa ukutani, wanawake wamejifunga khanga. Nikajisemea, hawa wamekuja kuiona kompyuta. Mama akaleta kiti cha plastiki. Nikaiweka kompyuta pale, nikaifungua, nikalaza isale juu ya vitufe. Mzee mmoja, shemeji wa mama, akauliza kama inakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikasema hapana.

"Ni mlokole," akawaeleza wenzake, nao wakaelewa.

"Iombe radhi yenyewe," mama akasema.

Nikasogeza jani, nikaiandikia, nikawasomea jibu kwa sauti: "Ninaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

"Wowote upi?" mzee akauliza. "Haijui kosa lake?"

Nikaiandikia tena. Safari hii ilikiri kwamba ilimwondoa mama bila kumsikiliza, ikasema inajutia, kisha ikapendekeza hatua tano za kuboresha uhusiano, ya kwanza ikiwa mama ajibu ujumbe kwa wakati. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akatoka uani akiwa ameshika mbavu. Mzee alisema hata hivyo ina adabu kuliko mkwe wake.

Mama hakucheka. Alilichukua isale.

"Nimeisamehe," akasema. Halafu akatoa simu yake ya tochi, akafungua ile barua yetu, akaniwekea kidole chini kabisa. "Hapa pameandikwa imeidhinishwa na afisa manunuzi. Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Isale lako liko wapi?"

Sikuwa nalo. Nilikuwa nimebeba moja tu.

"Ndizi chukua," akasema. "Hizo ni za kompyuta, tumeshamalizana nayo. Mayai ni yako. Utayafuata ukija na lako."

Nilishuka nimenuna, mikungu ya kompyuta imejaa nyuma. Niliona ninaonewa na bibi mkaidi, siku mbili kabla ya kupoteza kazi. Nilimnunia hata dereva ambaye hakuwa amesema kitu.

Jumapili baada ya ibada nilirudi na dereva, bila kompyuta, nimebeba isale langu. Mabenchi yalikuwa yameondolewa. Mama alilipokea jani kwa mikono miwili, akanishika kiganja, akanipeleka nyuma ya nyumba, mgombani.

Kulikuwa na kaburi. Udongo wake ulikuwa bado mbichi, mashada yamesinyaa juu yake. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mgomba ulio jirani na kaburi, kreti la mayai bado limefungwa nyuma kwa mpira.

"Ujumbe wenu ulikuwa unaingia tukiwa tunamzika," akasema. "Jana nilingoja uulize mzee wangu yuko wapi. Ukashughulika na kompyuta."

Mabenchi yale, sufuria zile, watu wale: yalikuwa matanga, na mimi Mchagga niliyezaliwa na kukulia matangani niliyaona nikadhani ni watazamaji wangu. Nililia pale pale, kwanza kwa aibu, kisha kwa ajili ya mzee. Mama alinifuta machozi kwa ncha ya khanga yake, yeye aliyefiwa.

Alinipa mayai. Niliyapakata mapajani garini, na manane yalipasuka kabla hatujafika lami.

Jumatatu wageni walipanda. Nilimpa bosi ukurasa wangu, sentensi ya kwanza nimeikata kwa kalamu. Akaisoma hivyo hivyo chini ya mkato, "Ninawafahamu wasambazaji wetu," akauliza mbona nimefuta sehemu iliyo bora kuliko zote.

"Si kweli, bosi," nikamwambia. "Bado."