Santuri ya Ottokar Kwenye Kona ya St Pauls

Verna Tulloch alikuwa mpishi wa shule, lakini ukimuuliza kazi yake angekujibu: spika. Zile ndefu za mbao, zinazompita mtu kimo, alizichonga na baba yake, mzee Egbert, uani kwao St Pauls, hapa Bristol. Kuchonga, sawa. Kupiga santuri, thubutu! Mzee hakumpa mtu mashine yake. Mwaka ule magoti yakamgomea, ndipo akamwachia mchana wa kanivali, tena kwa sharti.

"Watu wakihama kona yetu, binti, mwakani nampa binamu yako."

Verna alikuwa na mgeni, Ottokar wa Vienna, aliyekuja na santuri moja aliyoitengeneza mwenyewe, na mdomo. Asubuhi nzima walibishana juu ya sahani za mbuzi wa mchuzi.

"Muziki wa polepole ni wetu," alisema Ottokar. "Mtu anakaa kwenye kochi, kahawa mkononi, anatikisa kichwa. Watu wa Paris wanaupaka manukato. Nyie mnatingisha nyumba tu!"

"Wenu ni wa kubembelezea watoto, kaka. Wetu usipokugonga kifuani, haujafika. Na barabarani hakuna kochi!"

Alasiri maneno yakamrudi. Watu walianza kuponyoka mmojammoja kuelekea kona ya pili, kwenye spika za wengine, na binamu yake akasimama pembeni akichekelea. Verna akabadilisha santuri, wapi! Akabadilisha tena, wapi! Mfa maji haachi kutapatapa: akainyakua ile ya Ottokar, akaitia sindano.

Kwa kiherehere akasahau kitufe cha kasi. Santuri iliyotakiwa kuzunguka kwa kasi ya juu ikawa inatambaa. Sauti ya mwimbaji, mwanamke mwembamba wa Vienna, ikatoka nzito kama ya baba mwenye msiba. Ngoma zikaburuta miguu. Besi ikazama chini ya lami na kurudi kupitia nyayo za watu.

"Siyo kasi hiyo!" Ottokar alipiga kelele. "Unaniua, Verna!"

Akanyoosha mkono kwenye kitufe, kisha akatazama barabarani. Waliokwisha kukata kona walikuwa wanarudi, mabega yakicheza kabla ya miguu. Akauondoa mkono.

Mara Verna akasikia mtu anagonga spika. Mtaani kwetu wimbo ukikukuna unagonga sanduku, na mpigaji lazima auanze upya. Ila masanduku ya mzee Egbert hayakugongwa; hata kidole cha mtoto kwenye ile vanishi kilizua ugomvi. Verna akageuka amkemee huyo asiye na adabu.

Alikuwa baba yake, anagonga kwa fimbo, vanishi inaruka.

"Rudisha, binti! Rudisha!"

Verna akamtafuta Ottokar kwa macho. Alikuwa upande wa pili wa sanduku, anagonga kwa ngumi zote mbili.

Akainua sindano, akairudisha mwanzo. Kitufe hakukigusa.