Kope za Ayeyo Dahabo

Maziwa ya ngamia hukufikia kwa harufu kabla hujayaona. Wanawake wanaoyauza Garissa hufukiza mitungi yao kwa vijiti vya porini ili maziwa yasiharibike kwenye joto, na moshi huo huingia kwenye plastiki ya mitungi, kwenye shuka na kwenye viganja vya mikono. Kila asubuhi, nikiwa bado kitandani, harufu hiyo ilipenya dirishani nikajua Ayeyo Dahabo ameketi kwenye kizingiti cha lango letu, ameweka mtungi chini, anapumzika kabla ya kuendelea sokoni. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Waislamu na Wakristo, ingawa nikipiga hesabu leo naona hakuwa hata na miaka sitini. Sisi tulikuwa wageni. Baba alikuwa karani katika ofisi ya maji, tumetoka Machakos, na wenyeji walisema tumetoka "Kenya", kana kwamba mtu akivuka daraja la Tana anahitaji pasipoti. Mimi ni Penina, lakini Ayeyo aliniita Benina, kwa sababu kila p iliyopita kinywani mwake iligeuka b. Pole ilikuwa bole, hapana ilikuwa habana. Nilikuwa na miaka kumi, na jambo hilo lilinichekesha kila siku upya.

Macho yake yalikuwa mekundu na hayakukauka. Kope zilikuwa zimepinda kuelekea ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila alipopepesa, na mwaka ule mvua za vuli zilikataa kunyesha, vumbi likawa linaingia hata kwenye chai. Mjukuu wake, aliyekuwa akimng'oa kope hizo, alikuwa amepelekwa Wajir kwa shangazi yake. Asubuhi moja Ayeyo akanishika mkono. "Benina, hooyo, wewe nakuwa na macho ya mtoto," akaniambia; hooyo ni mama, na wao huwaita hivyo hata watoto. "Toa hii nywele. Nakwaruza mimi ndani." Nilimkimbilia mama. Mama hakusita. Alichemsha kibano chake cha nyusi kwenye sufuria ndogo, akaniosha mikono mpaka viwiko, akanionyesha jinsi ya kushika kope moja karibu na mzizi na kuivuta kwa mara moja. Tangu siku hiyo nikawa na kazi mara mbili kwa wiki. Ayeyo aliweka kichwa chake kwenye mapaja yangu, akatazama juu, akanong'ona Bismillahi, nami nikatafuta vinywele vile vyeusi vilivyolala juu ya jicho lililovimba. Kope ikitoka alishusha pumzi yote. Nilikuwa naona fahari, na kusema kweli nilikuwa naona kinyaa pia.

Alinieleza kwamba madaktari wa macho watakuja hospitalini baada ya Ramadhani, na kwamba jina lake limeshaandikwa. "Wao nabasua kobe," alisema. Nilicheka mpaka kibano kikaniponyoka, kwa kuwa niliona daktari mwenye koti jeupe anampasua kobe mezani. Nilipomweleza kinachonichekesha, alijaribu kusikiliza tofauti. "Kobe, kobe. Si ndio hiyo mimi nasema?" Kwake neno lilikuwa moja tu. Akacheka pamoja nami, halafu akaniambia kwa sauti ya mtu mzima anayezungumza na mtu mzima mwenzake: "Lakini mbaka daktari nakuja, wewe usiwache, Benina. Ukiwacha, mimi takuwa kibofu." Nililielewa vizuri kabisa alilolisema. Nilijua kwamba anaogopa upofu, na kwamba kati yake na upofu kuna kibano cha mama na vidole vyangu. Bado nilicheka, maana kibofu ni ule mfuko wa mkojo ambao wachinjaji walitutupia tuupulize tucheze mpira.

Mama alifundisha shule ya Jumapili katika kanisa la mabati lililokuwa karibu na nyumba za wafanyakazi wa serikali. Hakuwa na cheti chochote cha dini, ila aliipenda Biblia ya Kiswahili kwa maneno yake, neno kwa neno, jinsi watu wengine wanavyopenda nguo. Mwisho wa mwaka ule aliamua tuchambue maneno ya kuona. Alituambia tuanze na "tazama", neno tulilokuwa tukilirukaruka kwenye kusoma kwa sababu limejaa kila ukurasa. Alisema hilo si neno la kujaza nafasi. Ni kama mtu anayekugusa begani sokoni na kusema, geuka. Halafu akatuonyesha kwamba kutazama kunaamriwa lakini kuona hakuamriwi, kwa sababu Biblia imejaa watu wanaotazama na wasione. Alitupeleka kwa Hajiri jangwani, aliyelia asimwone mtoto wake akifa kwa kiu, na ambaye macho yake yalipofumbuliwa aliona kisima. Mama aliuliza: kisima kilichimbwa dakika ile, au kilikuwepo? Nilimpelekea Ayeyo swali hilo nikiwa na kibano mkononi. Alifurahi sana. "Huyo ni Hajar yetu," alisema, na akaniambia jinsi alivyokimbia mara saba kati ya vilima viwili. Tulibishana kwa raha kuhusu nani ana haki zaidi kwa Hajiri.

Somo lililonikaa zaidi ni la yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Mama alituambia tuhesabu ni wangapi waliomwona. Tukasema mmoja, Msamaria. Akatuambia tusome tena, polepole. Kuhani alimwona. Mlawi alimwona. Msamaria alimwona. Neno ni lilelile mara tatu, alisema mama, mwandishi hakumpunguzia kuhani kitu. Macho yake yalikuwa mazima na aliona kila jeraha. Kilichobadilika ni mahali miguu ilipokwenda baada ya kuona. Nilimpenda mama siku hiyo mpaka nikataka wote wajue ni mama yangu. Niliyaandika maneno yake kwenye daftari na kuyapigia mstari kwa rula. Nilikuwa mwanafunzi wake bora, na hilo nalisema bila majivuno yoyote, kwa kuwa ndilo linalonishtaki.

Kulikuwa na sikukuu ya watoto kanisani kabla ya shule kufungwa, na kila mtoto angesimulia kwa kichwa kisa kimoja cha kuona. Mimi nilichukua kisa cha kipofu wa Yeriko, yule aliyeketi kando ya njia akipaza sauti huku watu wakimkaripia anyamaze. Siku ya mazoezi mama alitoka kidogo kuzungumza na mchungaji. Watoto walikuwa wamechoka, hawasikilizi, nami nilitaka wanisikilize. Nikainua kidevu, nikakodoa macho juu jinsi Ayeyo alivyofanya mapajani mwangu, nikasema: "Mimi nakuwa kibofu! Saidia kibofu!" Benchi zima lilianguka kwa kicheko. Nikarudia. Nikaongeza ya kobe na daktari. Mama aliporudi alitukuta tukijifuta machozi, akatabasamu, akafikiri ni furaha ya sikukuu. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu maarufu kuliko wote niliowajua, na nilijisikia vizuri sana.

Siku mbili baadaye neno lilikuwa limefika shuleni, na baada ya siku nne lilikuwa barabarani. Ilikuwa wiki ya kuanza mfungo. Tulikuwa tunarudi nyumbani, kundi la watoto kumi hivi, Ayeyo akaja mbele yetu na mtungi mgongoni, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Sijui nani alianza. "Kibofu! Kibofu!" Wakaimba kwa mpigo, wakapiga makofi, hata watoto ambao bibi zao walizungumza vilevile. Mimi sikuimba. Nimeshikilia hilo miaka yote hii kana kwamba lina uzito, kwamba sikuimba. Ayeyo alisimama, akageuza uso kuelekea sauti zilikotoka, akavuta shuka juu ya macho yake. Hakutukana, hakurusha jiwe. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake na nilirudi nyuma ya msichana mrefu ili asinitambue.

Hakuja tena langoni kwetu. Maziwa yaliletwa na mwanamke mwingine, jirani yake. Mama aliniuliza Ayeyo yuko wapi, nikasema amebadilisha njia, na mama, ambaye wakati ule alikuwa na mimba ya mdogo wangu na miguu imemvimba, akaniamini. Nyumba ya Ayeyo ilikuwa viwanja viwili kutoka kwetu, nyuma ya zizi la mbuzi. Kibano kilikuwa kwenye kikombe juu ya kabati. Nilijitia hamnazo. Niliogopa watoto wangeniona nikiingia kwake wakaniita daktari wa kibofu, na chini ya woga huo kulikuwa na nafuu, kwa kuwa sikulazimika tena kugusa yale macho yenye usaha. Wakati wa mfungo nilimwona mara tatu upande wa pili wa barabara, jioni, akinunua sambusa za kufuturia. Kila mara nilimwona. Kila mara nilikuwa na jambo la kunipeleka upande mwingine. Kwenye sikukuu ya watoto nilisimulia kisa changu bila kosa hata moja, nikapewa Agano Jipya lenye jalada jekundu, na watu wazima wakasema mtoto huyu ana ufahamu.

Madaktari walikuja Januari, gari lenye kipaza sauti likapita mitaani kuwaita walioandikishwa. Nilijiambia sasa watamtengeneza na mambo yataisha. Mwezi wa tatu nilikutana naye uso kwa uso dukani. Alikuwa ameshikwa mkono na mtoto mdogo. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kote, na la kushoto lilikuwa na ukungu. Niligeukia rafu za duka mpaka wakapita. Mwaka uliofuata baba alihamishwa, tukavuka daraja na samani zetu kwenye lori.

Sasa nina miaka thelathini na minne. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na Jumapili nyingine naalikwa kuzungumza na vijana. Wanapenda niwafundishe somo la mama kuhusu wale watatu walioona. Nimelifundisha pengine mara ishirini, na kila mara mtu huja baadaye kunishukuru kwa machozi, nami hupokea shukrani hizo. Mama alifariki mwaka juzi. Baada ya mazishi sikupata usingizi mzuri kwa miezi, na mwaka jana, nilipotumwa Garissa kwa semina ya walimu, niliamua nikamwombe Ayeyo msamaha kama bado yuko hai. Mji umekua, tuktuk zimejaa kila mahali, kanisa la mabati sasa ni la mawe na lina askari langoni. Zizi la mbuzi limekuwa duka la simu. Kijana wa dukani alijua nyumba mara moja.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yote mawili meupe. "Salaam aleikum, Ayeyo. Ni mimi Penina, mtoto wa karani wa maji." Alinyoosha mikono hewani mpaka ikapata uso wangu. "Benina! Wallahi, Benina!" Akamwita mjukuu alete chai, akaniuliza habari za baba, habari za mama, akasema bole sana aliposikia, akamwombea dua ndefu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilianza na hospitali, nikauliza, ilikuwaje madaktari wasimsaidie mwaka ule. "Mimi si nilikataa kwenda?" alisema. "Watoto walikuwa naimba barabarani, kibofu, kibofu. Mimi wakati hiyo bado naona. Naona mlango, naona watu. Lakini nikasema, mtoto hana uongo. Kama wao naona mimi ni kibofu, basi macho imekwisha. Daktari tafanya nini? Nikakaa nyumbani."

Ilinichukua muda kuelewa. Mzaha wetu wote ulikuwa kwenye herufi moja, na sikio lake halikuwa na herufi hiyo. Yeye hakuwahi kusikia tusi. Alisikia habari kuhusu macho yake, kutoka kwa watu aliodhani wanaona kuliko yeye, akaiamini. Nilitaka kusema ni mimi. Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno, yeye akanipigapiga goti. "Wewe usijali, hooyo. Mimi najua wewe ulitaka kuja. Mama yako alikataza. Ugonjwa ya macho naambukiza, na mama nachunga mtoto yake. Si alikataza?"

Mama, aliyechemsha kibano bila kusita. Mama aliyeuliza Ayeyo yuko wapi nikamdanganya. Chai ililetwa. Mjukuu alisimama mlangoni akinitazama.

"Ndiyo, Ayeyo," nikasema. "Mama alikataza."

Nilipokuwa na miaka kumi niliacha macho ya mtu yaharibike kwa kuogopa kuonekana na watoto kumi barabarani. Mwaka jana nilimsingizia mama yangu aliye kaburini, nikiwa mtu mzima na mwalimu, mbele ya mtu ambaye hakuwa akiniona hata kidogo.