Mkokoteni Uliopita Mlangoni

Kwa miaka ishirini na miwili Cleophas aling'oa meno ya watu wa Katandala, na muda wote huo watu hao wakimwona kwa mbali walivuka barabara. Alipofikisha miaka hamsini na minne aliuza kiti cha wagonjwa, akanunua vyuma na mashine ya kuchomelea, akatangaza kwamba sasa anaunda mikokoteni ya ng'ombe. Alitaka kutengeneza kitu ambacho mtu akikiona anafurahi.

"Baba Redempta," mkewe Epifania akamwambia, "si ungekaanga maandazi?"

Mafundi wengine huchomelea nje, kando ya barabara, vumbi na yote. Cleophas aliona huo ni uchafu. Alifanya kazi ndani, chumba kile kile cha meno, amevaa koti jeupe, akipiga msasa kila kiungo mpaka king'ae. Hivyo mkokoteni wake wa kwanza ulipata upana pekee uliowezekana: upana wa mlango.

Aliyeuchukua ni Mboje, mfugaji wa Kisukuma wa Malangali, mwenye ndugu saba waliohitaji mikokoteni kabla ya mavuno. Huu ukileta mahindi salama, hao saba wangeagiza kwa Cleophas. Usipoleta, hakuna mwingine angeagiza.

Njia ya mashambani ina mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya miaka yote, mikavu kama saruji. Mikokoteni yote hupita humo. Wa Cleophas uliingiza gurudumu moja. La pili likabaki juu ya tuta la katikati. Ukalala ubavu na magunia kumi.

Siku ya tatu Mboje aliurudisha, ameshika shavu.

"Daktari, mkokoteni mzuri sana. Njia ndiyo pana."

"Nitaupanua."

"Halafu utautolea wapi?"

"Nitavunja ukuta."

"Ndugu zangu wameshakwenda kwa wale wa barabarani." Akatema mate. "Ila hili jino, haki ya Mungu, silali. Ning'olee."

"Kiti niliuza."

"Nitakaa hapa hapa." Akapanda juu ya mkokoteni, akapanua kinywa.

Cleophas akatoa koleo lake la meno. Tangu Februari, alipoanza kuchomelea, alikuwa akilikunjia nyaya. Midomo ya koleo haikukutana tena. Akalitazama, akalirudisha mfukoni.

"Nenda hospitali, Mboje."

Mboje akashuka, akavuka barabara.

Cleophas akausukuma mkokoteni ndani. Uliingia bila kugusa fremu ya mlango upande wowote.