Nani aliniambia niwatoe mabeki?

Haya, nichekeni. Leo nimelamba matapishi yangu mbele ya timu nzima.

Mwezi uliopita mimi, kapteni, niling'ang'ania tuwape timu ya Wakongo mabeki wetu wawili vijana, wanafunzi wa chuo, nao watupe straika.

"Hawa watoto wa nini?" nilifoka.

Leo tumefika uwanjani na jezi mpya za Xiaobei, mtaa wetu huku kwa Wachina. Mlinzi anatema Kichina, geti hafungui.

Kumbe siku zote uwanja walikuwa wanatukodia wale watoto! Sisi wafanyabiashara, Kichina chetu kinaishia kwenye kuomba bei ipungue.

Nikawapigia. Wakaja na kapteni wao Mkongo, wakanipa shikamoo (iliniuma hiyo!), wakaongea na mlinzi dakika mbili, tukaingia.

Nikamwomba Mkongo anirudishie mabeki, achukue straika wake.

Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, ulidhani tuliwachukua kwa ajili ya mpira?"