Siku Niliyozimisha Karasha Ili Watoto Walale

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kulea watoto ni kuamini kwamba mtoto mchanga hulala vizuri pale tu dunia inaponyamaza. Nalisema mapema ili mtu asidhani natafuta huruma, kwa sababu aibu iliyofuata niliipika mwenyewe na kuipakua mwenyewe, na mpaka leo nikikatiza machimboni kuna watu wananiuliza kama wazime au waendelee.

Shangazi yangu analea watoto wa wanawake wanaofanya kazi machimboni, huku upande wa Katoro, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili iliyo pua na mdomo na karasha (ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mgeni akifika siku ya kwanza anaongea kwa ishara). Wanawake wanaponda mawe na kuosha mchanga, asubuhi wanamwachia watoto, na wanaonyonyesha wanashuka kunyonyesha kila wakipata upenyo. Mimi nilitoka Kishapu nimemaliza shule na sina kazi, nikawa namchotea maji na kumpikia uji wa watoto, watoto wakanizoea, mama zao wakaanza kuniita Anko. Halafu dada yake shangazi akaugua kule nyumbani, ikabidi shangazi aende kumuuguza, akaniachia watoto wote.

Wanawake hawakupenda. Mama Kulwa, ambaye ana mapacha na mdomo wa watu wanne, alisema mbele yangu kwamba yeye kidume amekiona kikilea ng'ombe tu. Kisha akaja Mama Sayi. Huyu ni binti wa rika langu, mwanawe Sayi ndiye wa kwanza, alikuwa ameanza uji juzijuzi, na alinikabidhi huku akiniangalia kama mtu anayekabidhi yai kwa mtu mwenye haraka. Walikubali kwa sababu njia nyingine ilikuwa kuwabeba mgongoni kwenye vumbi, kwenye vipande vya mawe vinavyoruka. Nilijua kabisa kwamba nikiharibu, watoto wataishia huko, na kazi ya shangazi itakufa mikononi mwangu yeye akiwa hayupo.

Mtu wa kawaida angefanya kama alivyomwona shangazi anafanya. Mimi nikifagia uwanja narudia kwa sababu mistari ya fagio haijanyooka. Nikaingia kwenye simu, nikatazama video za malezi, za nyumba zenye mazulia na vitanda vya watoto vyenye uzio, nikajifunza kwamba mtoto ale kwa saa, alale kwa saa, chumba kiwe na giza na pawe kimya. Nikaziba madirisha kwa mablanketi (nyumba ya bati, jua la Geita, nami najiona nimefanya jambo la maana). Nikaweka kengele kwenye simu. Nikawaomba akina mama, kwa adabu zote, wasishuke tena hovyo kunyonyesha kwa sababu wanawavuruga watoto, wasubiri nitundike kitambaa chekundu mlangoni. Mama Kulwa akauliza kama na maziwa nayo yameshaambiwa yasubiri kitambaa. Nilicheka, nikidhani ananitania.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Sayi aliamka kwenye mkeka mapema akaanza kulia, akila ngumi, nami nikatazama simu nikaona bado muda wake haujafika. Uji ulikuwepo, kwenye chupa ya chai, wa moto. Nikambembeleza kwa maneno. Nikamwonyesha kijiko kitupu achezee (hapa ndipo huwa natamani kujizaba kofi), akalia zaidi, nikamzungusha chumba kizima, wenzake wote wamelala kama magunia ya pamba, yeye peke yake anapiga kelele. Na mimi, kwa elimu yangu ya kwenye simu, sikuwaza njaa hata mara moja kwa sababu kwenye ratiba njaa ilikuwa bado. Niliwaza karasha. Nikasema huyu mtoto kelele zinamkosesha usingizi, na kadiri nilivyozidi kuwaza ndivyo nilivyozidi kulisikia lile karasha likitafuna mawe ndani ya kichwa changu mwenyewe.

Nikamwita dada jirani anishikie mlango, nikatoka na Sayi begani mpaka kwa Baba Shija, mtu mzima mpole anayeendesha karasha. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, nikamwomba azime kidogo. Akaniuliza kwa nini. Ningesema ukweli, kwamba nataka mtoto mmoja alale, angecheka na mkasa ungeishia hapo. Lakini niliona aibu kuombea mashine nzima isimame kwa ajili ya usingizi, basi nikamsogelea sikioni nikasema:

"Kuna mtoto hali yake si nzuri."

Baba Shija hakuuliza la pili. Alizima palepale, mawe yakiwa bado mdomoni mwa mashine, kitu ambacho fundi wa karasha hafanyi hivihivi kwa sababu lazima baadaye ayachomoe moja moja kwa mikono.

Mimi nilikuwa mgeni, kuna jambo sikulijua. Pale machimboni karasha lina nyakati zake za kupumzika na kila mtu anazijua, na likinyamaza nje ya nyakati hizo, tena ghafla, maana yake ni kwamba mtu ameumia. Ama mkono umeingia kwenye mashine, ama duara, yaani shimo la kuchimbia, limetitia na watu wako chini. Kwa hiyo likinyamaza watu hawaulizi, wanaacha nyundo na karai palepale walipo na kukimbilia kwenye mashine. Nami nilikuwa nimeshaondoka, narudi nyumbani natembea taratibu, nikifurahia kimya.

Kufika ndani nikakuta kimya kimewaamsha wote. Hawa ni watoto waliokua mgongoni mwa mama zao kando ya karasha, ule mlio kwao ni kama mtu kuwapigapiga mgongoni, ulipokatika walishtuka mmoja baada ya mwingine, Kulwa akaanza, Doto akamfuata (Doto hakubali kupitwa), kisha chumba kizima. Yule dada jirani alikumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni. Nilibaki peke yangu. Nikachukua kitenge cha shangazi, nikamfunga Sayi mgongoni nikijua kabisa hakuna mwanamume wa pale anayeonekana hivyo, nikambeba Doto mkono mmoja, nikaimba, nikacheza, wapi. Ndipo nikaelewa wanachotaka. Nikatoka uani, nikaokota mawe, nikayatia kwenye sufuria kubwa, nikarudi nikaanza kuyatikisa huku nikinguruma kwa koo langu lote kama karasha.

Na ilifanya kazi, hilo ndilo linaloniuma. Doto alinyamaza. Wengine wakaanza kunitazama midomo wazi. Nikazidisha, nikaongeza na kuruka kidogo ili Sayi apate mtikisiko mgongoni, nimefumba macho, jasho linanitiririka, kitenge kinashuka, nanguruma. Nilipofumbua macho mlango ulikuwa umejaa watu.

Walikuwa wamepitia kwa Baba Shija, naye akawaambia alichoambiwa, kwamba kwa shangazi kuna mtoto ana hali mbaya, wala hajui wa nani. Basi kila mwanamke pale machimboni mwenye mtoto kwangu alikimbia akijua ni wake. Nyuma yao walikuwa wachimbaji wenye matope, dereva wa bodaboda ameshawasha pikipiki, na Baba Shija mwenyewe kofia mkononi, maana alishaivua. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mama Kulwa alininyang'anya Doto, akamwokota Kulwa, akawapapasa wote wawili kuanzia utosini mpaka nyayo, kisha akageuka.

"Anko, mtoto anayeumwa ni yupi?"

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa hiyo. Watu wote wamenitazama, nimeshika sufuria ya mawe, na mtoto pekee aliyekuwa bado analia alikuwa mgongoni kwangu. Nikasema ni Sayi.

Mama Sayi hakupiga yowe. Alimfungua mgongoni kwangu kwa mikono yenye vumbi jeupe, akamgusa shingo, na kweli alikuwa wa moto (chumba cha bati, mablanketi dirishani, kilio cha asubuhi nzima, hata jiwe lingekuwa la moto), akapanda pikipiki bila viatu. Nikakimbia nyuma yao kwa miguu mpaka zahanati, na nilipofika tu ndipo mtoto mmoja kwenye foleni alimwonyesha mama yake kwamba yule kaka amevaa kitenge.

Foleni iliwapisha. Nesi, mama wa makamo, alimweka Sayi mapajani, akamtazama macho, akampima joto, akauliza kimemwanza nini na lini. Mama Sayi akanitazama mimi. Wakati huo Sayi alikuwa amegeuza shingo anatafuta, ameshika gauni la mama yake kwa mikono miwili, na mama yake akakaa kwenye benchi akampa ziwa, nusu kwa kumtuliza tu. Mtoto alinyonya kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. Alimeza, akapumua kwa pua, akameza tena, mguu mmoja unachezacheza.

"Huyu ana njaa," nesi akasema. "Amekula lini?"

Nikasema hajala. Akauliza kwa nini, uji haukuwepo? Nikasema uji ulikuwepo, ila muda ulikuwa bado. Nikaeleza yote hapohapo nimesimama, ratiba, kitambaa, karasha, na kwamba hakuna mtoto aliyekuwa anaumwa, nilidanganya ili mashine izimwe, halafu nikadanganya tena kwa sababu watu walikuwa wamejaa mlangoni. Bibi mmoja kwenye foleni alianza kucheka mpaka akajishika mbavu, akasema kwa Kisukuma kitu ambacho wenzake wote walicheka, na nesi akageukia ukutani kidogo kabla hajarudi. Mama Sayi peke yake hakucheka. Alimaliza kunyonyesha, akafunga gauni lake, ndipo akasema, polepole sana:

"Mimi njiani nilikuwa nimeshamzika."

Akamfunga mgongoni, akaondoka kwa miguu.

Wachimbaji walinicheka wiki nzima, hilo nililistahili na wala halikuwa zito. Nilimwendea Baba Shija kumwomba radhi, nikasaidia kuchomoa yale mawe mdomoni mwa mashine mpaka kucha zikapasuka, naye alisema tu kwamba siku nyingine nikitaka kimya niende kanisani siku za kazi. Shangazi, aliyepigiwa simu na watu zaidi ya mmoja kabla sijapata ujasiri wa kumpigia, alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama watoto wamekula, nikasema wamekula, akakata. Mama Kulwa alirudisha mapacha kesho yake, akavua mablanketi madirishani kwa mkono wake, na kile kitambaa chekundu akaenda nacho.

Zito lilikuwa Mama Sayi. Alipita mlangoni kila asubuhi na Sayi mgongoni, akielekea kwenye mawe. Nilimsalimia, akaitikia, hakusimama. Mchana nilikuwa natoka uani bila sababu na kumtafuta kwa macho kule juu, amekaa, nyundo inapanda na kushuka, na kile kichwa kidogo nyuma yake kimefunikwa kanga kuzuia vumbi. Nilishindwa kukaa. Nilifagia uwanja mara sijui ngapi kwa siku. Siku moja nilipanda mpaka pale alipo nikamwambia simwombi anisamehe, namwomba amtoe mtoto kwenye vumbi, kama hanitaki mimi nitakaa nje, dada jirani amshike mtoto mpaka shangazi arudi. Aligonga jiwe lake likapasuka, akachukua lingine.

Aliporudi haikuwa kwa maneno yangu. Kipande cha jiwe cha mtu wa jirani kilimpita Sayi karibu na jicho, kikachana kanga. Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni, akanionyesha pale kanga ilipochanika, akasema:

"Akilia uniite. Usianze kunifikiria kwamba nina kazi. Niite."

Siku ileile Sayi alikataa uji, akakataa maji, akakataa kubebwa. Mkono wangu uliingia mfukoni kutafuta simu niangalie video, nikautoa. Nikatoka mlangoni, nikapanda kule juu kwenye kelele zote zile, nikamwambia mama yake mbele ya wenzake kwamba mtoto amenishinda. Alishuka na mikono yake yenye vumbi, akamnyonyesha kizingitini, akampigapiga mgongoni, akanirudishia amelala, akarudi kazini.

Sasa hivi kila mama akifika asubuhi namuuliza mwanawe amelalaje na amekula nini, nafanya kama alivyosema. Madirisha yako wazi, karasha linanguruma, mwenye njaa anakula. Mtoto akinishinda naita mama yake, na nikikosea nasema kabla sijaulizwa.