Aliyekuja Kuulizia Mpini Wake

Ukipenda, cheka. Wengi wamecheka, wengine tukiwa tumekaa benchi moja kanisani. Lakini mimi si mlevi, sijawahi kuugua kichwa, na jambo hili lilinipata asubuhi, nikiwa nimeshakunywa uji. Nilikuwa na mkono wa kulia mzima kama huo wako. Sikiliza jinsi nilivyoupoteza, ingawa bado unauona hapa.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile Wapolandi, wale wakimbizi wa vita, walipokuwa kambini pale Tengeru. Nilikuwa seremala. Mchana nilimfanyia kazi Singasinga mmoja mjini Arusha, milango na madirisha, na jioni nilirudi kwangu chini ya mlima, kwenye kibanda changu cha kazi na ugonjwa wangu. Ugonjwa wangu ulikuwa vifaa vya zamani. Randa iliyoachwa na Mjerumani, patasi iliyoliwa na kutu, msumeno uliong'oka meno, vyote nilivinunua. Mke wangu, Mama Elia, akiniona natokea na kifurushi anashika kiuno.

"Umetuletea vyuma tena, Baba Elia? Leo tutakula vyuma?"

Lakini chuma cha zamani, niamini, hakina mwenzake. Unakiloweka kwenye mafuta ya taa, unakisugua kwa mchanga na jivu, unakinoa taratibu, na siku moja unaona uso wako ndani yake. Wenzangu walikimbilia vifaa vipya vya dukani, vinang'aa kweli, lakini vikikutana na fundo la mti vinakunjika. Niliwacheka sana.

Basi siku moja ya soko nikapata tezo pale Tengeru. Kwa asiyejua, tezo ni kama jembe dogo la kuchongea mti. Aliyeliuza ni mama mmoja aliyetandika chini mabaki ya nyumba yake, sufuria na kufuli zisizo na funguo. Nikamuuliza lilikuwa la nani. Akasema la baba mkwe wake, mchonga mizinga ya nyuki. Alipanda msituni kuangalia nyuki wake, hakurudi, na hawakumzika kwa sababu hawakumpata. Alisema hayo huku akinifungia tezo kwenye jani la mgomba, bila huzuni yoyote, maana yalikuwa mambo ya zamani.

Chuma chake kilikuwa kizuri. Mpini ndio uliokwisha. Ndani umeliwa na wadudu, na pale mkono unaposhika palikuwa pamechimbika, vidimbwi vya vidole na bonde refu la kidole gumba. Yule mzee alilishika miaka mingi hata mti ukafuata mkono wake. Nikajaribu kutia vidole vyangu mle, havikukaa. Nikafanya ambacho fundi yeyote angefanya. Niliung'oa, nikautia kwenye moto wa jikoni, Mama Elia akaivishia maharage. Ningefanya nini kingine na mti uliooza?

Nikachonga mpini mpya, chuma nikakinoa. Likawa tezo la kutembea nalo mtaani kwa maringo.

Sasa, asubuhi moja ya kipupwe, wakati ule ukungu unapoteremka kutoka Meru na kukaa kwenye migomba hata huoni choo chako mwenyewe, nilikuwa mlangoni pa kibanda nikisugua randa. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa mafuta na kutu. Nikaona mtu amesimama kwenye migomba. Ni mzee, amejifunga blanketi, amelowa. Mbwa wetu alikuwa miguuni pangu na hakubweka. Alijikunja tu, akageukia ukutani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia. Umewahi kumwamkia mzee akakunyima marahaba? Mwili unakupoa. Alinuka nta na moshi, harufu ya watu wanaorina asali. Akalitazama tezo lililoning'inia ukutani, akaingia, akalitwaa. Vidole vyake vikazunguka mpini mpya, vikateleza, vikazunguka tena. Alihangaika nao kama mtu anayetafuta usingizi kwenye kitanda cha ugenini. Kisha akalirudisha mahali pake.

"Mpini wangu uko wapi?"

Hapo nikajua ni nani. Ningemdanganya vipi? "Ulikuwa umeoza, mzee. Niliuchoma."

Akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na laiti angekasirika. Alininyooshea mkono tu, kama mtu anayeaga.

Nisikilize vizuri hapa. Wewe ungefanya nini? Mzee amekupa mkono, na wako umejaa uchafu. Sisi tumelelewa, mkubwa hapewi kiganja kichafu. Unakunja ngumi, unampa kifundo cha mkono ashike hapo, na heshima imetimia. Nimefanya hivyo tangu utoto wangu, sihitaji hata kuwaza. Nikampa kifundo.

Akashika. Vidole vyake vilikuwa baridi, tena vizito. Vikapanda kidogo, vikashuka, na kidole gumba kikalala juu ya mshipa. Kikatulia. Nikataka kuvuta mkono, haukuja. Nikataka kumwita Mama Elia, aliyekuwa akifagia uani, ufagio wake nausikia kabisa, ulimi haukunyanyuka. Nilisimama pale nikilia kimya kimya. Mzee akauinua mkono wangu, akaushusha, akauinua tena, vile unavyojaribu kifaa kabla ya kukinunua.

"Huu unanitosha," akasema.

Akaniachia, akarudi kwenye migomba. Majani hayakutikisika.

Mama Elia aliponiona alidhani nimejikata. Kwenye kifundo palikuwa na mabonde manne ya vidole na moja refu, nyama imebonyea na haikurudi tena. Haya, pitisha kidole hapa uone. Daktari aliuliza nilibanwa na mashine gani. Mchungaji alikuja, tukafunga na kuomba. Mimi nikachonga mpini mwingine, nikakumbuka kadiri nilivyoweza yale mabonde ya mzee, nikaliacha tezo kwenye migomba wakati wa ukungu. Lilikaa pale mpaka likashika kutu. Hakuwa na haja nalo tena.

Maana ukungu ukishuka, mkono huu unakwenda kazini. Naona unavyonitazama. Haung'oki mwilini, la. Unanyanyuka na kushuka, unanyanyuka na kushuka, unachonga hewa, nami nimekaa pembeni nautazama kama mgeni. Nimeufunga kamba, kamba ikakatika. Mama Elia ameukalia, ukamwangusha. Ukungu ukiisha unaniangukia mapajani umechoka, na chini ya kucha kuna unga wa mringaringa, mti wa kuchongea mizinga. Mimi sijagusa mringaringa tangu siku ile. Singasinga alinivumilia sana, mwisho akanitoa kazini, na simlaumu. Nani atamwachia msumeno mtu asiyejua mkono wake utaamua nini?

Hata hayo ningeyazoea. Lakini kipupwe kilichopita niliamshwa alfajiri na kilio cha Mama Elia. Mkono wangu ulikuwa umemshika kwenye kifundo. Haukumbana. Ulikuwa unampapasa. Vidole vilipanda kidogo, vikashuka, na kidole gumba kilikuwa kinatafuta pa kulala. Niliunyofoa kwa mkono wa kushoto, nikaupigiza ukutani mpaka ukatoka damu. Je, mzee amenichoka? Au mpini huu nao umeanza kuoza, anatafuta mwingine? Sijui, na hakuna wa kumuuliza.

Tangu siku hiyo nalala kibandani. Jioni naweka komeo kubwa mikononi mwa mke wangu, namsihi afunge kwa ndani na asinifungulie hata nikimwita kwa jina. Asubuhi ananisemesha kupitia dirisha. Ni miaka mingi tumeishi pamoja, na sasa naogopa kumpokea kikombe cha chai.

Kwa hiyo ukipita huku chini ya mlima wakati wa baridi ukanikuta nimekaa nje, usiseme nina kiburi. Niamkie kwa mdomo, nitakuitikia vizuri, upite zako. Na ukiona nimekunyooshea mkono, kimbia, maana si mimi ninayeunyoosha.